ASKARI ALIYEKIPANDA KIFARU

Jioni hii nasema hasa na ninyi wa Arusha na wa kando ya mlima Meru. Katika vita ya 1939 hata 1945 watu wa Tanganyika yapata 87,000 waliingia jeshini, na vijana wa mlimani kwenu walikuwamo. Sikilizeni habari ya siku moja ya kikosi cha Tanganyika, yaani batalioni ya sita ya K.A.R.

Ilikuwa tarehe 19 Mei, 1941, mahali paitwapo Colito, kusini ya Uhabeshi. Kampani mbili zilikuwa zimekwisha kuvuka mto Billate, na Waitaliani wako mbele yao. Aliyevuka mto Usa wakati wa masika anajua shida ya mtu aliye na maji nyuma yake: akisukumwa, hana pa kurudi. Mara vifaru vikatokea, na askari wale hawakuwa na silaha ya kuvivunja.

Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, umri wake miaka 28, alikuwa akiwasaidia kwa mzinga mdogo wa makombora. Makombora yalipomwishia, alikwenda mbele kutazama la kufanya. Kifaru kimoja kilikuwa kikiwajia wenzake kwa nyuma. Akaruka juu yake, akakifungua kwa nguvu, akawapiga waliomo kwa bastola. Dereva peke yake alimwacha hai, akamlazimisha kukiendesha mpaka mahali pa kujificha. Akaujaribu mzinga wa kifaru kile, ukakataa. Basi akashuka, akaviandama vingine kwa miguu, pamoja na Sajini-Meja wa kampani na askari wawili. Vifaru viwili vikapita. Akakipanda cha tatu, akakifungua, akamwua mmoja wa waliomo. Ndipo cha nne kikampiga kwa bunduki ya mtombo, akaanguka, akafa.

Lakini shambulio lilivunjika, na ng'ambo ile ya mto haikupotea. Ninyi mnajua mfereji ukibomoka usiku: lazima mmoja asimame penye tundu mpaka wenzake walete mawe.

Mwaka 1945 Leakey alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya ushujaa iliyo kubwa kupita zote za Uingereza. Mwili wake haukuonekana. Jina lake limechorwa katika ukumbusho ulioko Nairobi. Bali Sajini-Meja na askari wawili waliokwenda naye, maandiko ya nishani ile yanawataja kwa cheo, si kwa majina. Nao pia walivikabili vifaru kwa miguu.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, kaeni na wazee wenu mkawaulize: Nani wa ukoo wetu alikwenda vitani? Katika kikosi gani? Aliishia wapi? Andikeni majina hayo kwa wino, mkayaweke pamoja na karatasi za shamba, mahali ambapo hapana mtu atakayezitupa.

Kwa herini.