Kipimo Kinachomshtaki Dereva

(Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva na taniboi katika mkutano wa tawi)



Wengi wenu mmekwisha kuona kile kijisanduku kinachofungwa chini ya dashibodi. Si kidhibiti mwendo kile ambacho matatu zililazimishwa kufunga kwa amri ya mwaka 2003. Hiki hakizuii gari. Hukaa kimya na kuandika: breki kali, kona kali, kuondoka kwa nguvu. Mwisho wa mwezi dereva huitwa ofisini akaonyeshwa karatasi. Twataka kukieleza leo, maana mtu hawezi kujitetea katika jambo asilolijua.

Kazi yake si ya ajabu. Funga nati kwenye uzi, uining'inize ndani ya gari. Ukishika breki, nati huenda mbele; ukikata kona ya kushoto, huenda kulia. Kadiri uzi unavyolala ndivyo nguvu ilivyo kubwa. Nguvu hiyo hulinganishwa na mvuto wa dunia, unaoitwa g 1. Uzi ukilala digrii 17 hivi ni g 0.3; ukilala digrii 45 ni g 1 kamili, na lori lenye mzigo halifiki huko. Kule Uingereza mafundi walipima breki kwa kipimo cha Tapley, chenye uzito unaoning'inia ndani ya mafuta ili usichezecheze. Vya siku hizi vina kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha, lakini kanuni ni ile ile ya nati na uzi.

Tuje kwenye kona. Tuseme ni kona ya duara ambayo kutoka katikati yake hadi barabarani ni mita 50. Ukipita kwa kilomita 40 kwa saa, nguvu ya ubavuni ni g 0.25. Kwa kilomita 60 ni g 0.57. Mwendo umeongezeka nusu tu, nguvu imezidi mara mbili! Lori lililopakiwa juu laweza kupinduka kabla ya hapo. Katika jambo hili kijisanduku kinasema kweli, na sisi hatutamtetea dereva anayechezea roho ya taniboi wake.

Lakini hakina macho. Kikifungwa kimeinama mbele digrii 6, kitaonyesha breki ya g 0.1 hata gari likiwa limesimama. Ukiteremka Mai Mahiu, mteremko wenyewe utahesabiwa breki, ikiwa hakikutengenezwa kuutoa. Mwenzetu mmoja alikatwa posho kwa breki ya ghafla. Mtoto alikuwa amekimbilia mpira barabarani. Karatasi haikuandika mtoto.

Kwa hiyo twadai kijaribiwe mbele ya mwakilishi wetu, gari likiwa mahali tambarare, na dereva aonyeshwe karatasi yote, si ukurasa mmoja. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yampa haki ya kuona habari zake. Na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yamtaka tajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake au mwakilishi wa chama akiwapo, na amsikilize.

Ukiitwa, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Kila ukishika breki kali andika saa, mahali na sababu. Daftari zipo kwa katibu wa tawi.