Lita 24 za kasiksi: maneno tuliyosema mbele ya mkutano

Komite imetutuma tuwaeleze habari ya kasiksi iliyopotea, sababu mu kartiye maneno yamezunguka sana na mengine si ya kweli. Mutusikilize mupaka mwisho, maulizo yatafuata.

Munajua kikundi cha wamama wanaopika kasiksi kilikopa makuta mu kisanduku chetu. Kila juma walitia mu pipa bidoni 6: 4 za maji ya ndizi, yenye kununuliwa kwa walimaji, na 2 za maji ya kawaida. Kila mutu alihesabu 20 mara 6, ni lita 120. Ku kuuzisha wanapima na chupa ya Primus, ile ya sentilita 72, na chupa zilikuwa zinafika 133 tu, ni kusema lita 96 hivi. Lita 24 ziko wapi? Deni likawa halilipwi, na watu wakaanza kumutazama mama mwenye kulala karibu na pipa. Sisi wa komite hatukusema ameiba. Tulimwambia tu apumzike kwanza. Lakini hapa kwetu neno hilo lina maana moja, na sisi tulilijua.

Kule kambini kila mutu alijifunza kutazama kipimo cha mafuta siku ya kupewa chakula. Kopo likijaa nusu kidole chini, watu wanapiga kelele. Sasa kwa kazi yetu wenyewe, hakuna aliyepima kitu. Bidoni, ao dumu kama wanavyosema wenye kutoka Tanzania, imeandikwa 20, basi ni 20.

Mwenzetu mumoja, fundi wa mabomba, akaleta kompteri ya maji ya zamani. Ndani mwake muko kigurudumu kidogo chenye mabawa. Maji yakipita yanakizungusha, kila mzunguko ni kipimo kimoja, na namba zinapanda. Namba nyeusi ni za meta kubu, lita 1000 kila moja. Zile nyekundu na vile vimishale vya duara ndivyo vya kututumikia, vinaonyesha lita na hata vipande vya lita.

Hatukuiamini papo hapo. Tuliweka pipa lenye maji juu ya meza, tukafunga tiyo na kompteri, tukapitisha lita 20 ndani ya ndoo, tukapima ndoo ku mizani ya muuza samaki. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ukitoa uzito wa ndoo zinapaswa kubaki kilo 20. Mara ya kwanza haikupatana. Fundi akacheka: tiyo ilikuwa imejaa hewa, na hewa nayo inazungusha kigurudumu bila maji. Ni lazima kwanza ujaze tiyo, kiisha usome namba, njo uanze. Tena usifungue kidogo sana, maji yakidondoka pole pole kigurudumu hakiyahesabu.

Tukarudilia, ikapatana. Halafu tukajaza zile bidoni 4 za walimaji. Zilikuwa na mashimo ya kubonyea ku mbavu, na kila moja ilijaa ku lita 18! Zile 2 zetu, 20 kweli. Basi 72 na 40 ni 112. Lita 8 tulizomulilia yule mama hazikuingia hata siku moja mu pipa. Tulizinunua, tukazilipa, hatukuzipata.

Siku iliyofuata tulitaka kupitisha maji ya ndizi yenyewe mu kompteri. Hilo musifanye. Nyuzi za ndizi na majani ya kukamulia yalikwama mu mabawa, tukapoteza asubuhi nzima kuifungua na kuisafisha. Na pombe yenye povu ingetudanganya vilevile kama hewa. Viwanda vikubwa vya bia vinatumia kompteri ingine isiyokuwa na kigurudumu: sumaku imezunguka tiyo, bia inapita, na kwa kuwa bia inapitisha umeme, kinazaliwa umeme kidogo wenye kuongezeka kadiri bia inavyopita mbio. Hiyo si ya mfuko wetu.

Kwa hiyo tukageuza akili. Tulipitisha maji safi mu kompteri kwenda mu pipa la kasiksi, na kila lita 10 tukasimamisha, tukatia fimbo, tukaikata alama. Sasa fimbo ndiyo inapima, na kompteri imepumzika. Fimbo haikwami nyuzi.

Na fimbo hiyo tukafuata juma moja zima. Usiku povu lilipanda likamwagika, sababu pipa lilijazwa mupaka mudomo, lita 3 zikaenda. Chini ya pipa masimbi ya unga wa mtama na ndizi yalishika lita 8. Zinabaki 101. Tukatazama muuzishaji: alikuwa anajaza chupa mupaka ku mudomo kabisa, kufurahisha watu, na chupa ikijaa hivyo inapita 72 kwa sentilita 3 hivi. Mara 133, ni karibu lita 4 za bure. Lita moja ya mwisho hatukuitafuta. Mwenye kupika lazima aonje.

Tulikwenda kwa yule mama, wote wa komite, tukakaa chini, tukaomba masamaha. Alitusikiliza, akatupa chai, hakusema mengi. Amerudi kazini lakini hataki tena kulala karibu na pipa. Anasema kama liko na fimbo, lijilinde lenyewe.

Sasa wamama wanapeleka kwa walimaji bidoni zao wenyewe, zenye mustari wa rangi ku lita 20. Walimaji wawili walikasirika, mumoja ameacha kutuuzia. Pipa halijazwe tena kupita alama ya 100. Masimbi wanayachuja mara ya pili na kitambaa, yenye kubaki yanaenda kwa nguruwe. Deni wameanza kulilipa, bado hawajamaliza.

Kompteri na tiyo viko kwa mutunza makuta. Kikundi cha sabuni na wenye kuuzisha mafuta ya ngazi munaweza kuviazima kwa kupima mapipa yenu na maji. Mulete fimbo kavu na kisu.