Keti Kwanza, Uhesabu

Somo: Luka 14:25-33



Mwaka 2019, baada ya kukosa kwa miaka 15, timu yetu ya Harambee Stars ilifika tena katika Kombe la Mataifa ya Afrika, huko Misri. Wengi walitamani kwenda kuishangilia. Hamu hiyo si dhambi. Bwana wetu mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 12, alisafiri na wazazi wake kwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Mungu hachukii furaha ya watu wake.

Lakini tumfikirie mtu wa kwetu hapa Sagana anayepanga safari ya namna hiyo. Huchukua karatasi akaandika: pasipoti, viza, nauli ya ndege kwenda na kurudi, tiketi za uwanjani, malazi, chakula. Hujumlisha mara mbili, kisha husema, "Nimehesabu gharama, kama Biblia inavyotufundisha."

Ndugu yangu, bado. Pesa hizo zatoka wapi? Ni malipo ya kahawa. Na kahawa ile ilichumwa na nani? Ni mke wake, asubuhi na mapema kwenye umande, akijaza debe baada ya debe, na watoto wakimsaidia Jumamosi. Karo ya muhula ujao imo katika pesa hizo hizo. Lakini katika karatasi yote, jina la mama huyo halimo. Bwana huyu amehesabu bei ya safari. Hajahesabu ni nani atakayeilipa.

Kule Misri, Stars walicheza michezo 3 katika siku 9. Walishindwa na Algeria, wakaifunga Tanzania 3-2, wakashindwa na Senegal, wakarudi nyumbani. Ushindi ule mmoja ulikuwa mtamu. Lakini utamu huo una faida gani kwa mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo?

Bwana Yesu aliposema juu ya mjenzi wa mnara, alikuwa akisema juu ya kumfuata Yeye. Hakuwaficha watu gharama. Na gharama ya wokovu wetu hakumtwika mwingine. Aliilipa mwenyewe msalabani. Basi anayemfuata Bwana wa namna hiyo atajengaje furaha yake kwa jasho la mtu ambaye hakuulizwa?

Kwa hiyo, unayepanga safari, usiketi peke yako. Mwite mwenzako, weka karatasi mezani, umwache aseme. Pengine atasema, "Nenda, baba watoto, lakini karo ilipwe kwanza." Pengine atasema, "Safari hii sikiliza redioni." Liwe lipi, jibu hilo litakuwa lenu wawili.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetulipia deni letu, utufundishe kuhesabu kwa haki, tusifurahi kwa hasara ya walio nyumbani mwetu. Amina.