Njia za Pikipiki kwenye Vilima vya Kasha



Vijana wa Bukavu huniuliza kwa nini mji wetu hauna bustani ya umma ya kuendeshea pikipiki za milimani kwa burudani. Swali hilo ni la haki. Nalijibu nikianzia hapa Kasha, katika komini ya Bagira, kwa sababu huku pikipiki zimekwisha kujichorea njia bila mpangaji yeyote, zikipasua mashamba na kupanda kilima wima, maana huko ndiko karibu.

Udongo wetu ni mfinyanzi uliotokana na mawe ya volkeno. Ukilowa, unateleza na kubebwa. Tairi likichimba mfereji kwenye mteremko, mvua za Septemba huufuata huohuo, na baada ya misimu michache ni korongo linalotishia nyumba za chini. Wachora njia wana kanuni: njia izunguke kilima, na mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe, ili maji yaikate yapite badala ya kuifuata. Mteremko ukiwa wa asilimia 20, njia isizidi asilimia 10. Kazi hiyo yataka kamba, jembe na subira.

Wengine wameshaweka kanuni za namna hii kwa amri ya serikali. Huko Marekani, Rais Richard Nixon alitoa amri mwaka 1972 kwamba njia za pikipiki na vyombo vingine viendavyo nje ya barabara kwenye ardhi ya umma zipangwe kwa kupunguza madhara kwa udongo, maji na wanyama, na ugomvi na watumiaji wengine. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter aliongeza kwamba njia inayoharibu ifungwe mara moja. Hilo la pili ndilo naliona muhimu zaidi: njia isiyoweza kufungwa haijapangwa.

Lakini sisi tuna funzo la karibu zaidi, na ni chungu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, jirani yetu, iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na Watwa waliokuwa wakiishi msituni wakaondolewa. Mpaka leo jeraha hilo halijapona, kwa watu wala kwa msitu. Kwa hiyo sitakubali uwanja wa burudani Kasha utakaomnyang'anya mama shamba lake la maharage ili kijana wa komini ya Ibanda aje kucheza Jumapili.

Tuanze na ramani ya njia zilizopo, ichorwe na wamotari (waendesha pikipiki), wakulima na wakuu wa avenyu wakitembea pamoja kati ya Juni na Agosti, udongo ukiwa mkavu. Njia za wima zifungwe na kupandwa nyasi. Penye chemchemi na shule, waendao kwa miguu wapewe njia yao. Uwanja wa mazoezi utafutwe mahali tambarare, kwa ridhaa ya wenye ardhi. Mvua zikianza, kundi hilohilo lirudi kukagua kila njia kabla haijafunguliwa kwa pikipiki.