Vipima Unyevu Vipelekeane Habari

Maneno yetu ya leo yahusu vipima unyevu vinavyochomekwa ardhini katika mashamba ya kumwagilia, na jinsi vinavyopeleka habari bila ya waya.

Kila kipima kina redio ndogo ya betri. Kazi yake ni kumwarifu mkulima kwamba udongo umekauka. Mahindi yakiwa katika kutoa maua, habari hiyo isipofika kwa siku kadha wa kadha, mmea hupatwa na kiu na magunzi huwa na punje chache. Basi ni lazima habari zifike.

Redio nyingi za namna hii hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na maji huyadhoofisha sana mawimbi hayo. Majani mabichi yamejaa maji. Kwa hiyo kipima kilichosikika vizuri siku ya kupanda huweza kunyamaza mahindi yakipita kimo cha mtu.

Dawa yake ni kuvipanga vipima kama wavu. Kipima hakipeleki habari moja kwa moja hadi nyumbani. Humpa jirani yake, naye humpa mwingine, mpaka zifike kwenye kipokezi kikuu. Kila apokeaye hujibu kwamba amepata. Asipojibu, mpelekaji hurudia, au hutafuta jirani mwingine. Uzi mmoja wa wavu ukikatika, nyuzi nyingine bado zinashika.

Shikeni mambo haya manne:

1. Kila kipima kiwe na majirani wawili au zaidi wanaokisikia. Chenye jirani mmoja kinategemea uzi mmoja tu.

2. Fungeni eriali juu ya nguzo, ipite kimo cha mmea uliokomaa, si kimo chake cha leo.

3. Vipima vilivyo karibu na kipokezi hubeba mizigo ya wenzao, na betri zao huisha upesi. Vikagueni hivyo kwanza. Ikiwezekana, wekeni vipokezi viwili.

4. Zimeni kipima kimoja kwa makusudi, mtazame kama habari za wenzake zinaendelea kufika. Fanyeni hivyo tena mimea ikisha kukua.

Msidharau majaribio hayo. Mwaka 2005 huko Uholanzi wataalamu waliweka vipima zaidi ya 100 katika shamba la viazi, wapate kujua mapema hatari ya ugonjwa wa ukungu. Mitambo ilikuwa na kasoro nyingi, na katika kila habari 100 zilizotazamiwa zilipatikana kama 2 tu.

Mwisho, kipima kikinyamaza msidhani kwamba shamba limeshiba maji. Nendeni shambani, chimbeni penye mizizi, mkaushike udongo kwa mkono.