UPEPO HAUNA HATI, ARDHI INAYO

(Hotuba kwa vijana wa Kirumba, Mwanza)



Wewe fundi wa kuchomelea, wewe kinyozi, wewe unayehifadhi samaki pale Mwaloni: umeme ukikatika, siku yako imekwisha. Kwa hiyo sikuja hapa kupinga umeme. Nimekuja kuuliza: anayetoa ardhi ya kuuzalisha, ameulizwa?

Tazameni kwa jirani zetu Kenya. Kule Loiyangalani, Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, imesimikwa mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Ni kazi kubwa, hakuna anayebisha. Lakini ekari 150,000 za malisho zilikatiwa hati za mwekezaji. Wafugaji hawakurusha mawe, walikwenda mahakamani mwaka 2014. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikatamka kwamba hati zile zilipatikana kinyume cha sheria, ikatoa mwaka mmoja kasoro zirekebishwe.

Hayo tisa. Kumi ni kwamba mitambo ilikamilika 2017, lakini nyaya za zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa zilikuwa bado! Umeme uliingia gridi ya taifa Septemba 2018. Mkataba ulishasema ucheleweshaji ulipiwe, na mabilioni ya shilingi yakalipwa. Fedha za nani? Za mlalahoi.

Mtaniambia, Marsabit ni mbali. Je, Singida? Upepo wake umezungumzwa miaka mingi. Na nani hapa Kirumba hana mzazi au shangazi kijijini? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iko wazi: ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Kabla haijahamishwa kwa ajili ya mradi, mkutano mkuu wa kijiji lazima usikilizwe, na fidia ikubaliwe: kiasi gani, kwa njia gani, lini.

Basi ukienda kusalimia nyumbani, usipeleke sukari na kitenge tu. Peleka na habari hii. Mwambie mzee asitie dole gumba kwenye karatasi ambayo haijasomwa mbele ya mkutano. Na aulize: nyaya zikipita juu ya paa letu, taa yetu itawaka?

Upepo ni wa Mungu. Shamba ni la babu yako. Akija mgeni na gari la vioo vyeusi, mkaribisheni, mpeni kiti, kisha mwambieni asome mkataba kwa sauti.