Mgeni Aliyekataa Chai



Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutuambia mwenyeji afanyeje pale mgeni anapofika mlangoni, nayo nyumba yenyewe ikamkatalia.

Mama yangu mdogo alitutembelea mjini London akitokea Tanga. Hutumia kiti cha magurudumu tangu alipopatwa na kiharusi. Nyumba yetu ni miongoni mwa zile za matofali za enzi ya Malkia Victoria, zilizoungana ukuta kwa ukuta: kizingiti kimeinuka, ujia ni mwembamba, na choo kiko ghorofani. Tulimbeba, tukamkalisha sebuleni, tukajiona wakarimu. Kutwa alikataa chai. Maji hakuyagusa, akisema hana kiu. Usiku ndipo mke wangu alipong'amua kwamba mama alijinyima kunywa ili asilazimike kutuomba tumpandishe ngazi.

Kwa hiyo, msikilizaji, anza na choo. Mapambo ya sebule yatangoja. Nchini Uingereza kanuni za ujenzi tangu mwaka 1999 huzitaka nyumba mpya ziwe na choo katika sakafu ya kuingilia, lakini wengi wetu twaishi katika nyumba kongwe. Kipo kiti cha choo chenye ndoo chini yake, kinachoweza kununuliwa au kukodiwa na kuwekwa nyuma ya pazia zito. Muulize mgeni kabla hajasafiri, kwani wapo watakaoona ni fedheha, na wapo watakaoshukuru. Muulize pia nani angependa amsaidie. Si kila mtu atakubali kushikwa na mkwewe! Kama huswali, beseni na kopo la kutawadhia viwe pale mkono wake unapofika.

Kisha chukua futi ya kupimia. Viti vingi vya kusukumwa kwa mkono vina upana wa kati ya sentimita 60 na 70, na vidole vya anayesukuma magurudumu vyahitaji nafasi yake. Mlango ukibana, kuung'oa kwenye bawaba huongeza sentimita chache, nazo mara nyingine zatosha. Kuhusu kizingiti, kanuni inayotumika sana ni hii: kila sentimita moja ya kimo yataka sentimita 12 za mteremko. Kizingiti cha sentimita 15 chahitaji basi ubao wa karibu mita mbili, imara, usioteleza mvua inaponyesha. Sisi tuliweka kipande cha ubao kifupi, na mama akakaribia kupinduka kinyumenyume mbele ya majirani.

Mazulia madogo yakunjwe, maana hunasa magurudumu na mikongojo vilevile.

Mgeni asiyeona hahitaji mteremko. Mtembeze chumba kwa chumba siku ya kwanza, yeye akishika mkono wako, wala si wewe kumvuta wake. Baada ya hapo usihamishe kiti bila kumwambia, na mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa, kwani ulio nusu wazi ndio umpigao usoni. Kwa kiziwi, kaa penye mwanga, umwelekee unapozungumza.

Watoto nao wafundishwe kwamba kile kiti ni sehemu ya mwili wa mgeni, hakichezewi wala hakisogezwi mbali naye. Wangu walijifunza upesi kuliko mimi, niliyekuwa nikiwauliza wengine, "Mama atakula nini?" ilhali mwenyewe ameketi pale akinisikia.

Jambo moja la safari. Kwa ndege zinazoondoka Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, abiria anayehitaji msaada huliarifu shirika la ndege angalau saa 48 kabla ya kuondoka. Popote aanziapo safari, afanye vivyo hivyo, na aeleze kama kiti chake kina betri na ni ya aina gani. Mama mdogo atarudi kwetu mwezi ujao. Ubao mrefu umekwisha kukatwa.